Jinsi ya kutumia mifumo endeshi miwili katika tarakilishi moja

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Katika ulimwengu wa tarakilishi, hata hivyo, inawezekana kuyashika mawili na lisiponyoke hata moja, almuradi mwenye kushika afahamu anachokifanya.

Tunazungumzia tarakilishi moja ya nyumbani iliyowekwa mifumo endeshi miwili, mathalani Windows na Linux. Kila mashine inapowashwa, mtumiaji huulizwa ni upi kati ya hiyo miwili angependa kuutumia.

Suala hili limewagusa wengi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Kwa watumiaji wa nyumbani, kampuni hiyo ilitangaza mpango wa kuyarefusha kwa wale wanaojisajili, ukiwa na kikomo cha Oktoba 13, 2026.

Mrithi wake, Windows 11, haukubali kuishi katika kila mashine. Unadai kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa prosesa za Intel, karibu zote zinazokubaliwa rasmi ni za kizazi cha nane kwenda mbele.

Hapo ndipo penye kizungumkuti. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa katika maduka ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine nchini ni vile vilivyokwisha kutumika ng'ambo. ThinkPad T450 ina prosesa ya kizazi cha tano, nayo HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita. Zote mbili zingali mashine imara, lakini hazimo katika orodha ya Windows 11.

Mwenye mashine ya aina hiyo ana njia tatu. Anaweza kununua nyingine, jambo ambalo si rahisi kwa kila mfuko. Anaweza kuendelea na mfumo usiolindwa tena, na kuwaachia wezi wa mtandaoni mlango wazi. Au anaweza kuweka mfumo wa pili usiolipiwa, huku akiubakisha ule wa kwanza kwa kazi ambazo haziwezi kufanyika kwingine.

Njia hii ya tatu inaafikiana na methali isemayo usitupe mbachao kwa msala upitao. Mzazi anayeweka hesabu za duka katika programu ya QuickBooks iliyotengenezewa Windows hahitaji kuiacha, na mwanawe aliye chuoni anaweza kuandika tasnifu yake katika mfumo unaopata masasisho.

Mfumo endeshi ni nini?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya tarakilishi: prosesa, kumbukumbu, diski, kiwamba na kadhalika. Programu nyingine zote hupitia kwake ili kupata huduma.

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Kutokana na uhuru huo, kumezuka matoleo mengi. Miongoni mwa yale yanayowafaa wanaoanza ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu.

Afrika Mashariki nayo haikuachwa nyuma. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili.

Matoleo ya Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22, yote ya mwaka wa 2024, yameahidiwa masasisho hadi mwaka wa 2029.

Ni muhimu kuelewa kwamba mifumo hii miwili haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Diski hugawanywa, na kila mfumo ukapewa sehemu yake. Anayetaka kuhama kutoka mmoja hadi mwingine hulazimika kuzima mashine na kuiwasha upya. Ipo mbinu nyingine ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, lakini mbinu hiyo hula kumbukumbu nyingi na haizifai mashine zenye gigabaiti 4 za RAM.

Tahadhari kabla ya hatari

Kazi ya kwanza ni kunakili hati zote muhimu na kuziweka nje ya tarakilishi hiyo: katika diski ya nje, flashi au hifadhi ya mtandaoni. Picha za familia, tasnifu, vyeti na hesabu za biashara zisibaki mahali pamoja tu. Kugawanya diski ni sawa na kubomoa ukuta katika nyumba inayokaliwa. Mara nyingi mambo huenda shwari, lakini yakienda kombo hasara hairudishiki.

Pili, hakikisha kuna umeme wa kutegemewa. Stima ikipotea wakati diski inapogawanywa, jedwali linaloonyesha mahali zilipo faili laweza kuharibika. Kipakatalishi kiwe na betri iliyojaa na inayodumu, tena kiwe kimechomekwa. Mwenye tarakilishi ya mezani atafute kifaa cha UPS, au angalau asifanye kazi hii wakati wa mvua ya radi.

Tatu, chunguza iwapo diski imefungwa kwa msimbo wa siri wa BitLocker. Vipakatalishi vingi hufungwa hivyo bila mwenyewe kutambua. Ukibadilisha mipangilio ya kuwasha mashine kabla ya kushughulikia jambo hili, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na asiye nao atafungiwa nje ya hati zake mwenyewe. Nakili ufunguo huo kwenye karatasi, kisha uzime BitLocker na kusubiri diski ifunguliwe yote.

Nne, zima kipengele cha "Fast Startup" katika mipangilio ya umeme ya Windows. Kipengele hicho hufanya mashine iwake upesi kwa sababu Windows haizimiki kabisa, bali husinzia huku ikiwa bado imeishikilia diski. Linux ikiingia na kuandika katika sehemu hiyo, faili huweza kuharibika.

Kutayarisha nafasi

Ikiwa mashine haina mfumo wowote, anza na Windows kisha uweke Linux. Sababu ni kwamba Windows inapowekwa haijali mfumo mwingine uliotangulia, bali hujipa nafasi ya kwanza wakati wa kuwaka. Linux, kwa upande wake, huutafuta mfumo uliopo na kuuorodhesha.

Ndani ya Windows, fungua programu ya "Disk Management". Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya sehemu ya C, kisha uchague "Shrink Volume". Ubuntu huhitaji takriban gigabaiti 25, lakini ni busara kutenga 50 au zaidi iwapo diski inaruhusu. Nafasi iliyopatikana iache hivyo hivyo bila kuipa jina.

Usizipunguze wala kuzifuta zile sehemu ndogo ambazo hazina herufi. Mojawapo huhifadhi programu za kuwashia mashine, na nyingine hutumika kuiokoa Windows inapougua.

Katika mashine za kale zinazotumia mpangilio wa diski wa MBR, haiwezekani kuwa na zaidi ya sehemu kuu nne. Iwapo zote zimekwisha kuchukuliwa, ni afadhali kutafuta ushauri wa fundi kuliko kufuta sehemu usiyoijua kazi yake.

Kupakua na kuandaa flashi

Faili ya Linux Mint hukaribia gigabaiti 3, na ya Ubuntu 24.04 hukaribia 6. Kwa anayenunua data kidogo kidogo kwa simu, huo ni mzigo. Yafaa kuipakua mahali penye mtandao usiopimwa, kama vile chuoni au katika saiba. Ipakue kutoka tovuti rasmi pekee. Tovuti hizo pia hutoa tarakimu za uhakiki, ambazo hutumika kuthibitisha kwamba faili haikuchezewa wala kukatika njiani.

Faili hiyo hainakiliwi kwenye flashi kama hati ya kawaida. Huandikwa kwa programu maalumu kama vile Rufus au balenaEtcher, katika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Kumbuka kwamba kila kilichokuwemo katika flashi hiyo kitafutika.

Kisha zima mashine, chomeka flashi na uiwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua kifaa cha kuanzia. Katika mashine nyingi za Dell na Lenovo kitufe hicho ni F12, na kwa HP ni F9.

Linux itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tumia fursa hii kuijaribu. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inasikika? Kiwamba kiko sawa? Kama kuna kasoro, ni heri kuigundua sasa kabla ya kuanza kazi yenyewe.

Hatua yenyewe

Ukiridhika, anza kusakinisha. Swali la kuangaliwa kwa makini kuliko yote ni lile la aina ya usakinishaji. Chaguo la kuweka Linux kando ya Windows ndilo unalolitaka. Chaguo la "Erase disk" hufuta kila kitu, Windows na hati zako zikiwemo. Haraka haraka haina baraka, na wengi waliopoteza kazi ya miaka walibofya hapo bila kusoma.

Iwapo chaguo la kuweka kando halionekani, au diski yenyewe haionekani, usilazimishe. Huenda diski imewekwa katika mpangilio wa RST wa Intel, ambao programu ya usakinishaji haiwezi kuusoma. Simamisha kazi na urejee katika Windows. Hakuna kitakachokuwa kimeharibika.

Baada ya usakinishaji, utaanza kuona orodha fupi kila unapowasha mashine. Hiyo ni kazi ya programu iitwayo GRUB. Chagua mfumo unaoutaka kwa vitufe vya mishale. Usipochagua, mfumo wa kwanza katika orodha utawaka wenyewe baada ya sekunde chache.

Matatizo ya kawaida

Wengi hushangaa kuona saa ya Windows ikiwa nyuma kwa saa 3 baada ya kutumia Linux. Huu si ugonjwa wa betri. Linux huihesabu saa iliyo ndani ya mashine kuwa ya kimataifa, yaani UTC, ilhali Windows huichukulia kuwa ya mahali ulipo, na Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa 3. Dawa ni kufungua dirisha la amri katika Linux na kuandika: timedatectl set-local-rtc 1.

Tatizo la pili ni GRUB kutoweka baada ya Windows kupata masasisho makubwa. Mara nyingi Linux ingali salama, ila Windows imejirudisha mbele ya foleni. Ingia katika mipangilio ya UEFI ya mashine na uirejeshe Linux katika nafasi ya kwanza.

Mwezi wa Agosti 2024, sasisho la usalama la Microsoft lilizuia Linux kuwaka katika baadhi ya mashine zenye mifumo miwili, na suluhu kamili ya kampuni hiyo ikapatikana Mei 2025. Kwa hivyo, weka ile flashi ya usakinishaji mahali pa salama. Ndiyo itakayokuokoa siku mashine ikikataa kuwaka, kwani inakuwezesha kuzifikia hati zako.

Kuhusu hati, Linux husoma na kuandika katika diski za Windows, lakini Windows kwa kawaida haisomi sehemu ya Linux. Hati zinazotumiwa pande zote mbili zihifadhiwe upande wa Windows au katika sehemu ya tatu ya aina ya NTFS.

Aidha, asiwepo anayedhani kwamba kuwepo kwa Linux kunaiponya Windows 10. Mfumo ulioachwa bila masasisho hubaki dhaifu vilevile. Shughuli za benki, barua pepe na kuperuzi mtandao zifanyiwe upande wa Linux. Upande wa Windows utumike tu kwa programu zinazouhitaji, na ikiwezekana Wi-Fi ikiwa imezimwa.

Hatimaye, atakayeamua kuiondoa Linux asikimbilie kufuta sehemu yake. Kwanza airejeshe Windows iwe ya kwanza kuwaka, ahakikishe kwamba inawaka bila msaada wa GRUB, ndipo aifute. Anayegeuza mpangilio huo atawasha mashine na kukuta kiwamba cheusi chenye maandishi machache, ilhali Windows yake ipo ndani, nzima, ikikosa tu wa kuiamsha.