Bei ya Kosa: Utangulizi wa Taaluma ya Gemu za Zamu Zilizoundwa Upya

Taaluma hii inauliza swali jepesi kutamka na gumu kujibu: gemu ya zamani ikiundwa upya, ni kitu gani kisichopaswa kuguswa? Tunachosoma hapa ni gemu za mkakati zinazochezwa kwa zamu. Unasogeza vikosi vyako vyote, unamaliza, ndipo mpinzani naye asogeze vyake. Wepesi wa vidole hausaidii kitu, maana saa inakungoja mpaka uamue. Kwa hiyo kila uamuzi ni wako, na kosa likitokea huna wa kumsingizia. Nitakuongoza humu kwa kulifuata kosa hilo, kwa sababu naamini ndilo linaloeleza vizuri zaidi kwa nini watu hugombana kila gemu ya aina hii inapotolewa upya.

Msomaji wa Kiswahili haji mikono mitupu. Bao la kiswahili huanza kila mchezaji akiwa na kete 22 za akiba, na hatua ya kwanza, namua, huendelea mpaka ziishe, ndipo wachezaji waingie hatua ya pili, mtaji. Bao la kujifunza huanza kete zote 64 zikiwa zimeshalala mashimoni, mbili mbili. Ubao haukubadilika wala kete hazikubadilika, lakini mwanzo tu umebadilishwa na kichwa kinalazimika kufikiri kwa njia nyingine kabisa. Mtu aliyezoea bao anajua kuwa mchezo hukaa kwenye kanuni zake kuliko kwenye mbao zake. Ujuzi huo utakufaa sana huku.

Mfano wetu wa kwanza ni Advance Wars. Mwaka 1988 studio ya Intelligent Systems ilitengeneza Famicom Wars, ikachezwa Japani peke yake. Ulimwengu mwingine ulisubiri hadi Septemba 2001, Advance Wars ilipotoka Marekani kwa ajili ya mashine ya mkononi ya Game Boy Advance, ikakutana na siku zile zile za mashambulizi ya New York. Japani wenyewe hawakuiuza hadi 2004, ikiwa imeunganishwa na ya pili yake. Historia ikajirudia kwa namna ya kusikitisha: toleo jipya la gemu hizo mbili, Re-Boot Camp, lilitangazwa mwaka 2021, na Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Nintendo wakaliahirisha bila kutaja tarehe. Lilitoka Aprili 21, 2023. Gemu yenye vifaru vya rangi ya chungwa na makamanda wenye sura za katuni imekumbana na umwagaji damu wa kweli mara mbili. Usilipite jambo hilo haraka. Gemu za mkakati hupendwa kwa sababu hupunguza vita hadi hesabu inayoshikika, na ndiyo maana kuzitazama huwa kugumu pale vita vinapokataa kupunguzwa.

Hesabu yenyewe ni nzuri mno. Kila mji unaoushikilia unakupa 1,000 kila zamu. Askari wa miguu anagharimu 1,000, kifaru 7,000. Kwa hiyo askari mmoja aliyetumwa kuteka mji wa pembeni anarudisha gharama yake kwa zamu moja tu ya mapato, na mchezaji mgeni anayekimbilia kununua vifaru hushindwa na mwenzake aliyetuma askari wengi wa bei nafuu mapema. Studio ya WayForward ya Marekani, iliyokabidhiwa kazi ya kuunda upya, haikuigusa hesabu hii. Iligusa sura: ramani sasa ni kama ubao wa mchezo uliowekwa mezani, na vifaru ni midoli inayong'aa. Malalamiko mengi yalielekea huko. Wakongwe walisema michoro ya zamani ya pikseli ilikuwa na uhai zaidi, na kwa macho yangu wana haki. Hata hivyo nakuomba usiililie sura kwa muda mrefu. Kuna kitufe kipya kinachofuta zamu nzima na kukurudisha mwanzo wake. Zamani ulipothibitisha shambulio, lilikuwa limekwisha. Sasa askari uliyempeleka kufa anarudi alipokuwa, na shambulio lililoharibika linakuwa halijawahi kutokea.

Kitufe hicho hakikuzaliwa hapo, na kukitafutia ukoo ni zoezi zuri kwa mwanafunzi. Intelligent Systems hao hao ndio waundaji wa Fire Emblem, ambako kwa miaka mingi mhusika aliyeuawa vitani hakurudi tena katika hadithi. Mlango wa kwanza wa huruma ulifunguliwa mwaka 2010, na ulifunguliwa ndani ya gemu iliyoundwa upya: New Mystery of the Emblem, iliyotokana na gemu ya 1994, ndiyo iliyoleta namna ya kucheza ambamo walioanguka wanarejea baada ya pambano. Mwaka 2017 Fire Emblem Echoes, iliyotokana na Gaiden ya 1992, ikaongeza gurudumu la kurudisha zamu nyuma. Nje ya ukoo huo, Tactics Ogre ya 1995 ilipoundwa upya mwaka 2010 ilipewa karata inayorudisha hadi zamu 50. Unaona mwelekeo. Waundaji hutumia uundaji upya kushusha bei ya kosa, kwa sababu hapo ndipo wanapokutana uso kwa uso na mchezaji mpya asiye na jioni nne za kupoteza.

Je, ni uharibifu? Kauli hiyo utaisikia sana, na ni lazima uipime. Wachezaji wa Fire Emblem walikuwa wakizima mashine na kuanza upya kila mhusika wanayempenda alipouawa. Kosa lilikuwa likifutwa tangu zamani. Tofauti ni kwamba kulifuta kuligharimu nusu saa ya kurudia pambano, na hofu ya kupoteza nusu saa hiyo ndiyo iliyomfanya mtu aitazame ramani mara ya pili kabla ya kusogea. Kitufe kinapofuta kosa bure, macho nayo hulegea. Msimamo wangu ni kwamba kitufe ni halali lakini hakipaswi kuwa bure, na Echoes ilifanya vizuri kuliwekea gurudumu lake idadi ya matumizi.

Sasa upande wa pili, maana si kila uundaji upya hulegeza. Mwaka 1994 ndugu wawili Waingereza, Julian na Nick Gollop, walitoa kupitia MicroProse gemu ya UFO: Enemy Unknown. Unaongoza jeshi dogo linalopambana na wavamizi kutoka anga za mbali, na kila askari ana akiba ya muda inayoliwa na kila tendo: hatua moja, kugeuka, kupiga magoti, kutoa bomu mkobani, kufyatua. Ndege ya kwanza hubeba hadi askari 14, na wengi wao hufa kabla hujazoea majina yao. Kampuni ya 2K ilipotangaza mwaka 2010 kwamba gemu hiyo itarudi kwa jina la XCOM, ikiwa gemu ya kufyatua risasi, wapenzi wa zamu walihisi wamenyang'anywa. Kisha mwaka 2012 studio ya Firaxis, chini ya mbunifu Jake Solomon, ikatoa XCOM: Enemy Unknown, yenye zamu kweli, ila hesabu ya muda imeondolewa yote. Askari ana matendo mawili tu kwa zamu, na kikosi hakizidi watu sita.

Waliochukia walisema gemu imekatwa mikono. Mimi naiona kuwa mojawapo ya kazi bora zaidi katika taaluma yetu, na sababu ni ile ile ya kosa. Ukiwa na watu 14, kifo cha mmoja ni takwimu. Ukiwa na sita, ni pengo utakalolihisi kwa misheni kumi zijazo. Firaxis waliongeza pia namna ya kucheza yenye hifadhi moja tu, isiyokuruhusu kurudi nyuma, na hata nje ya namna hiyo, kwa kawaida ukirudi kwenye hifadhi na kufyatua risasi ile ile, utakosa vile vile, kwa sababu bahati imehifadhiwa pamoja na mchezo. Walipunguza matendo wakapandisha bei yake. Walioipenda hesabu ya zamani nao hawakuachwa yatima: Xenonauts ya 2014 ilirudi kwenye akiba ya muda.

Kabla hujaanza kukusanya maoni ya wachezaji, beba kisa kimoja. UFO ya 1994 ilikuwa na hitilafu: ukichagua ugumu wa juu, mchezo ulirudi kimyakimya kwenye ugumu wa chini kabisa. Watu walilalamika kuwa ni rahisi mno. Mwaka uliofuata ikatoka Terror from the Deep, iliyofanywa ngumu zaidi kujibu malalamiko hayo, na wengi bado wanaikumbuka kwa ukatili wake. Wachezaji hawakudanganya hata kidogo. Walieleza kwa uaminifu gemu waliyoicheza, ila haikuwa gemu waliyodhani wanaicheza. Kumbukumbu za wakongwe ni ushahidi wa thamani kubwa, na zinahitaji kukaa karibu na gemu yenyewe, ikiwezekana toleo lile lile, hitilafu zikiwemo.

Toleo lile lile halipatikani kila mara. Heroes of Might and Magic III ilipotolewa upya mwaka 2015, nyongeza zake mbili zilikosekana kwa sababu msimbo chanzo wake ulikuwa umepotea. Final Fantasy Tactics ya 1997 nayo ilipoteza msimbo wake, na waundaji wa toleo lake jipya la 2025, The Ivalice Chronicles, walilazimika kuijenga upya kwa kuichunguza gemu yenyewe. Kwa uamuzi unaostahili pongezi, waliweka namna mbili za kucheza ndani ya gemu moja, ya kale na iliyoboreshwa, ili mtu azilinganishe mwenyewe.

Anza basi na Advance Wars, kwa kuwa kanuni zake hujifunzwa kwa jioni moja. Cheza ramani moja mara mbili, ya kwanza bila kugusa kitufe cha kurudisha zamu, ya pili ukikitumia utakavyo. Andika kila zamu: ulifikiri nini kabla ya kusogea, na kwa muda gani. Kisha nenda kwa Firaxis na ufanye hivyo hivyo, ukiwapa askari wako majina ya watu unaowajua. Daftari hilo likijaa, utakuwa tayari kusoma sura zinazofuata na kubishana nazo.