Mkono Uliolala: Namna ya Kuurudia Mchezo wa Puli kwa Mazoezi ya Mtu Peke Yake

Kigwa, kijiji cha Wilaya ya Uyui kilichoko mashariki ya mji wa Tabora, kimekaa juu ya njia ya kale ya misafara. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita huko, na ile iliyorejea pwani iliongozwa na Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu mabegani. Sehemu ya pembe hizo ilichongwa huko Ulaya na Marekani kuwa vibao vya piano, vitana, na mipira ya mchezo wa biliadi. Pembe za Afrika ya Mashariki zilipendwa sana na mafundi kwa sababu ya ulaini wake, na kila pembe ilitoa mipira michache tu, kwa kuwa ilipasa kuchongwa katikati kabisa ili uzito wake usielemee upande mmoja.

Uhaba huo ndio uliomfanya mtengenezaji mmoja wa meza za biliadi nchini Marekani, mnamo mwaka 1863, atangaze zawadi ya dola 10,000 kwa yeyote atakayevumbua kitu cha kushika nafasi ya pembe. Katika kuitafuta zawadi hiyo John Wesley Hyatt alitengeneza selulodi, mojawapo ya plastiki za kwanza duniani. Siku hizi mipira hutengenezwa kwa plastiki ngumu zaidi, na mchezo wenyewe umeirudia njia ya misafara kwa jina la puli. Meza zake zimeenea katika vilabu na vibaraza vya miji na vijiji vya Tanzania.

Makala haya yanamhusu mchezaji wa namna moja tu: yule aliyekaa mbali na meza kwa muda mrefu. Huyu aweza kuwa mkulima wa tumbaku ambaye tangu kupandikiza miche hadi kukausha majani hapati nafasi ya kushika fimbo. Aweza kuwa mwalimu aliyekwenda masomoni, au mtu aliyeugua. Siku anaporejea huona mkono haumtii. Mpira aliokuwa akiuzamisha huku amefumba jicho moja sasa wagonga ukingo na kurudi. Wengi hapo hukata shauri kwamba wamesahau, wakaiweka fimbo chini moja kwa moja. Wengine hufanya jambo la hatari zaidi: huingia katika michezo ya kuwekeana fedha wakidhani ushindani utauamsha mkono, na kabla mkono haujaamka mfuko umekwisha kulala. Njia zote mbili zatokana na kutoelewa namna ubongo unavyohifadhi ujuzi.

Je, ujuzi wa mkono hupotea?

Watu husema kwamba misuli ina kumbukumbu. Kwa kweli misuli haikumbuki kitu. Inayokumbuka ni mishipa ya fahamu na ubongo, hasa ubongo wa nyuma, yaani serebelamu, pamoja na sehemu nyingine zinazoratibu mwendo. Kumbukumbu hiyo ya mwendo ni tofauti na kumbukumbu ya majina na matukio. Ushahidi mashuhuri ulitolewa na mtaalamu Brenda Milner wa Kanada mwaka 1962. Alimchunguza mgonjwa mmoja, Henry Molaison, ambaye baada ya kupasuliwa ubongo hakuweza tena kukumbuka mambo mapya. Mgonjwa huyo alifundishwa kuchora nyota akiwa anautazama mkono wake katika kioo. Kila siku alisema hajapata kuifanya kazi hiyo, na kila siku mkono wake uliifanya vizuri kuliko jana.

Tena, ujuzi wa mkono hudumu. Mwaka huohuo wa 1962 watafiti wa Marekani, Fleishman na Parker, waliwafundisha watu kazi ngumu ya kuongoza chombo kwa mikono na miguu, kisha wakawaacha bila mazoezi kwa muda uliofika miezi 24. Waliporejeshwa, upungufu ulikuwa mdogo, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilirudishwa kwa dakika chache za mazoezi. Kabla yao, Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1885, kwamba hata jambo tunalodhani limesahauliwa hujifunzwa mara ya pili kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza.

Hapana budi basi mchezaji anayerejea ajue kwamba dakika kumi za mwanzo si kipimo cha uwezo wake. Mwili unahitaji muda wa kujiweka sawa: urefu wa kusimama, umbali wa kidevu na fimbo, uzito wa mshiko. Anayejihukumu katika dakika hizo ni kama apimaye joto la maji kabla ya kuwasha moto.

Kosa dogo, matokeo makubwa

Ikiwa ujuzi haupotei, kwa nini mchezo huharibika? Hesabu ndogo itatupa jibu. Tuseme mpira mweupe uko mita 1 kutoka mpira unaolengwa, na kipenyo cha kila mpira ni milimita 57. Fimbo ikikosea mwelekeo kwa nyuzi 1 tu, mpira mweupe utafika ukiwa umepotoka kwa milimita 17 hivi. Lakini mipira ni mviringo, kwa hiyo potofu hiyo ndogo huugeuza mwelekeo wa mpira wa pili kwa nyuzi zipatazo 17. Mpira huo ukisafiri nusu mita nyingine utakuwa umeikosa shabaha yake kwa sentimeta 15 hivi, na hapo hakuna shimo litakaloupokea.

Hivyo meza ni kama darubini inayokuza makosa ya mkono. Mchezaji aliyerejea hakupoteza ujuzi wake wote. Amepoteza nyuzi moja au mbili za unyofu. Mazoezi ya kwanza, basi, yalenge unyofu wa mkono kabla ya kulenga mashimo.

Mazoezi manne ya kuanzia

La kwanza halihitaji meza ya puli. Laza chupa tupu ya soda juu ya meza yoyote, mdomo ukikuelekea. Ingiza ncha ya fimbo katika mdomo wa chupa na kuitoa, taratibu, bila kugusa kioo. Sehemu ya juu ya mkono itulie. Kinachobembea ni mkono kuanzia kiwiko kwenda chini. Fanya hivyo mara 50 asubuhi na mara 50 jioni kwa siku tatu.

La pili hutumia mpira mweupe peke yake. Uweke katikati ya upana wa meza, uupige katikati yake, uende hadi ukingo wa mbali na kurudi. Ukirudi kwenye ncha ya fimbo yako, mkono ni mnyofu. Ukirudia kushoto au kulia kila mara, ama umelenga vibaya, ama umeugonga ubavuni na kuupa mzunguko usioutaka. Hapa hapana mwamuzi mwingine wa kukuongopea.

La tatu ni pigo la kusimamisha. Weka mpira wa pili mbele ya ule mweupe kwa umbali wa shibiri mbili, yote ikielekea shimo. Piga ili mpira mweupe ufike ukiwa unateleza bila kuzunguka. Kwa kuwa mipira yenye uzito sawa hupokezana mwendo wake wote inapogongana uso kwa uso, mpira mweupe utasimama palepale. Ukisonga mbele, ulikuwa umekwisha kuanza kubingirika. Ukirudi nyuma, ulikuwa na mzunguko wa kinyume. Kadiri umbali unavyozidi, ndivyo upasavyo kuugonga chini zaidi ya kitovu, kwa sababu msuguano wa kitambaa huugeuza mtelezo kuwa mbingiriko. Ukifaulu mara 7 katika 10, ongeza umbali shibiri moja. Usipofikia 7, baki palepale.

Zoezi hili lina faida ya pili. Baadhi ya meza za sarafu hutumia mpira mweupe wenye uzito au ukubwa tofauti, ili mashine iweze kuutenga na mingine. Mpira ulio mzito zaidi hautasimama hata ukipigwa sawasawa, bali utajongea mbele kidogo. Heri kuligundua jambo hilo ukiwa peke yako kuliko katikati ya shindano.

La nne ni la kasi. Upige mpira mweupe uende ukingo wa mbali, urudi, na usimame karibu iwezekanavyo na ukingo ulio mbele yako. Pima kwa vidole umebakiza kiasi gani. Kisha piga urefu mmoja tu, kisha urefu tatu. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kucheza hukosea kasi pasipo kutambua, na kasi ndiyo inayoamua mpira mweupe utapumzika wapi kwa pigo lifuatalo.

Baada ya hayo mchezaji aongeze mapigo ya pembe. Kanuni mbili zatosha. Mpira mweupe unaoteleza bila kuzunguka, ukigonga mpira wa pili upande, hutengana nao kwa nyuzi karibu 90. Ule unaobingirika kwa kawaida hupinda kiasi cha nyuzi 30 kutoka njia yake ya awali, mradi usigonge uso mzima wala ukingoni kabisa. Mwanahisabati wa Ufaransa Gaspard-Gustave Coriolis aliandika kitabu kizima juu ya hesabu za biliadi mwaka 1835, lakini mchezaji mwenye kanuni hizi mbili na subira amekwisha kupata sehemu kubwa ya faida yake.

Namna ya kuyapanga mazoezi

Swali la kawaida ni hili: afadhali saa mbili kwa mara moja, au nusu saa kwa siku nne? Mwaka 1978 Baddeley na Longman wa Uingereza waliwachunguza wafanyakazi wa posta waliokuwa wakijifunza kupiga mashine. Waliofanya saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliofanya saa nne kwa siku. Haba na haba, basi, si methali ya akiba ya nafaka peke yake.

Swali la pili ni la mpangilio. Mwaka 1979 Shea na Morgan, pia wa Marekani, walionyesha kwamba anayelirudia zoezi moja mfululizo huonekana hodari siku ileile, lakini anayechanganya mazoezi huhifadhi zaidi baadaye. Kwa hiyo juma la kwanza rudia kila zoezi mfululizo ili mkono upate unyofu. Kuanzia juma la pili changanya: pigo la kusimamisha, kisha la kasi, kisha la pembe, usipige moja mara mbili mfululizo. Utaona umeshuka kidogo. Usiogope, huko ndiko kujifunza.

Weka daftari. Andika tarehe, zoezi, na mafanikio katika mapigo 10. Mtu anayejizoeza peke yake hana mwenzake wa kumwambia ukweli. Daftari lichukue nafasi hiyo.

Kuhusu gharama, meza ya sarafu humeza mipira inayozama. Mwombe mwenye meza akuruhusu kuziba mashimo kwa matambara, na mchague wakati usio na wateja, tena usio saa za kazi, maana viongozi wa serikali wamewakemea mara nyingi vijana wanaocheza wakati wenzao wako shambani. Na aliyevuka miaka 40 apime macho: lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri, na huenda kinachodhaniwa kuwa mkono uliosahau ni jicho lisiloona vizuri ncha ya fimbo.

Mpinzani asiyeonekana

Juma la tatu au la nne anza kushindana na mpinzani asiyekuwapo. Tawanya mipira mitano, shika mpira mweupe uuweke utakapo, kisha izamishe yote bila kukosa. Ukikosa mara moja, mpinzani amepata alama. Ukimaliza, alama ni yako. Cheza hadi mmoja afike 7. Ukimshinda kwa mipira mitano, ongeza wa sita. Mpinzani huyu hakopi, hatukani, wala hadai fedha.

Hayo tuliyoyaeleza hayakomei kwenye meza ya puli. Fundi cherehani aliyeacha kazi kwa miaka, mkunga anayerejea zahanati baada ya likizo ndefu, mpiga ngoma aliyekuwa mjini, wote hukutana na mkono uliolala. Kwao pia njia ni ileile: kuanza na sehemu ndogo ya mwendo iliyo nyofu, kupima bila kujipendelea, kugawa muda, kuchanganya mazoezi, na kuahirisha kazi yenye hatari hadi vipimo viseme kwamba mkono umeamka. Ubongo huhifadhi kuliko tunavyodhani, na mwenye ujuzi wa zamani hahitaji kuanza upya kama mwanafunzi.