Rubani wa Ndege Arudi Darasani: Somo la Kwanza la Helikopta

Siku ile helikopta ilipotua katika uwanja wetu wa mpira hapa Salamabila, somo la hesabu lilikwisha lenyewe. Mbuzi walikimbilia nyuma ya kanisa, mabati yalilia juu ya vichwa vyetu, na watoto wa darasa la sita walikuwa nje hata kabla sijawapa ruhusa. Vumbi lilipotulia, kijana mmoja akaniuliza: “Mwalimu, rubani wa ile ndege ya mabawa inayotua Kindu, je, aweza kuingia humu naye akaruka?” Nikamjibu upesi, kama tufanyavyo walimu tusipokuwa na hakika, ya kwamba aweza bila shaka, kwa kuwa rubani ni rubani.

Nilikosea. Tena aliyenisahihisha ni yule bwana mwenyewe aliyeileta helikopta. Alikuwa akiwangoja abiria wake chini ya mwembe, nami nikampelekea kiti na maji ya kunywa. Nilipomweleza swali la mtoto na jibu langu, akacheka, kisha akanyamaza kidogo. “Bwana Mwalimu,” akasema, “jibu lako hilo karibu liniue mimi siku ya kwanza.”

Jina lake hakutaka liandikwe gazetini, nami naliheshimu neno lake. Yatosha msomaji ajue kwamba kabla ya kugusa helikopta alikuwa amekwisha kuendesha ndege za mabawa kwa miaka mingi na saa elfu kadhaa, akitua katika viwanja vya udongo vya Kongo ya mashariki, vile ambavyo mvua moja yaweza kuvigeuza kuwa shamba la mpunga. Hakuwa mwanafunzi. Alikwenda Afrika ya Kusini kujifunza helikopta akidhani kwamba atahitaji siku chache tu za kuzoea.

Yafaa tuelewe kwanza tofauti ya vyombo hivi viwili, maana mambo yote hutoka hapo. Ndege ya kawaida ni kama baiskeli ya wachukuzi wetu wa njia ya Kasongo: ikienda mbio, husimama wima, ikisimama, huanguka. Bawa lake halina nguvu ya kuibeba pasipo upepo kupita juu yake na chini yake, na upepo huo hupatikana kwa mwendo. Kwa hiyo rubani wa ndege hufundishwa tangu siku za kwanza kuogopa jambo moja kuliko yote, yaani kupotewa na mwendo. Upepo ukipungua juu ya bawa, honi hulia ndani ya ndege, naye hana budi kusukuma usukani mbele, ili pua ishuke na mwendo urudi. Hurudia zoezi hilo mara nyingi sana, hata mkono hufanya wenyewe pasipo kukiuliza kichwa.

Helikopta nayo ina mabawa, ila yanazunguka. Yale mapanga marefu ya juu, ambayo watoto wetu huyaita feni, ni mabawa hasa. Chombo chaweza kusimama hewani kimya mahali pamoja, kwa sababu mabawa yake yenyewe yamo mwendoni. Rubani huyu alifundishwa katika helikopta ndogo ya watu wawili iitwayo Robinson R22, iliyobuniwa na Mmarekani Frank Robinson na kuruka mara ya kwanza mwaka 1975. Ikijaa mafuta na watu haipiti kilo 622, na mapanga yake huzunguka zaidi ya mara 500 kwa dakika moja.

Mkanganyiko ulianza hata kabla ya kuwasha injini. Katika ndege, mkuu wa chombo huketi kushoto. Katika helikopta ile mwanafunzi aliketishwa kulia. Mkono wa kushoto, uliozoea usukani, sasa ulipewa wenzo ulio kando ya kiti, unaovutwa juu kama breki ya mkono ya motokaa. Wenzo huo huyainamisha mapanga yote kwa pamoja, yapate kuuma hewa zaidi, na chombo kipande. Mkono wa kulia ulishika fimbo ya kukiegemeza chombo mbele, nyuma na kando. Miguu ilikuwa juu ya makanyagio mawili yanayoongoza panga dogo la mkiani. Na shida ni kwamba ukigusa kimoja umevigusa vyote. Vuta wenzo, injini hulemewa na mwili wa chombo hutaka kujizungusha kinyume cha mapanga. Basi mguu lazima uujibu. Mguu ukijibu, chombo huteleza kando. Basi fimbo nayo lazima ijibu.

Mwalimu wake alikuwa kijana kuliko yeye, jambo lililomchoma kidogo, akakiri. Kijana huyo aliiinua helikopta kimo cha mtu juu ya majani ya uwanja mpana, akampa makanyagio peke yake. Akayaweza. Kisha akampa wenzo peke yake. Akauweza nao, akaanza kufurahi moyoni. Ndipo akapewa fimbo.

“Nilidumu labda sekunde kumi,” aliniambia. Chombo kiliegemea kidogo kulia, akakirudisha kushoto. Lakini helikopta hukawia kidogo kujibu, naye alipoona haijibu akaongeza; jibu la kwanza na la pili likaja kwa pamoja, kikaenda kushoto zaidi. Akarudisha kwa nguvu. Kila marekebisho yalikuwa makubwa kuliko kosa lililotangulia, mpaka chombo kikawa kinayumba uwanja mzima kama mlevi wa sikukuu. Mwalimu akakishika, na papo hapo kikatulia kabisa, jambo lililomwudhi kuliko kule kuyumba. Akaambiwa alegeze vidole, asiitazame pua ya helikopta bali mti wa mbali, tena asiisogeze fimbo, aifinye tu. Akarudia, akashindwa. Akarudia tena. Baada ya robo saa shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni, na hakuwa amekwenda popote.

Nikamwuliza kama yafanana na kitu chochote tukijuacho huku kwetu. Akafikiri, akasema yafanana na kusimama wima ndani ya mtumbwi mwembamba kwenye Lualaba. Mgenya husimama na pondo lake akiongea na mwenzake. Wewe mgeni ukisimama, kila unavyojitahidi kutulia ndivyo unavyoutikisa. Nami niliyewahi kuanguka majini mbele ya Wagenya nilimwelewa vizuri.

Lakini asione haya. Mtu aliyeipa dunia helikopta ya namna hii, Igor Sikorsky, alipitia njia iyo hiyo, tena bila mwalimu. Alizaliwa Kiev mwaka 1889. Katika miaka ya 1909 na 1910 alijaribu kujenga helikopta mbili, zikashindwa. Akageukia ndege, akawa rubani na mjenzi mashuhuri. Mwaka 1913 aliirusha ndege yenye injini nne, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Mapinduzi ya Urusi yakamhamisha, akafika Marekani mwaka 1919. Tarehe 14 Septemba 1939, huko Stratford katika jimbo la Connecticut, mzee huyu wa miaka 50 aliketi na kofia yake kichwani ndani ya chombo chake VS-300, kikiwa kimefungwa kamba, akakiinua kidogo tu kutoka ardhini. Tarehe 13 Mei 1940 kamba zikafunguliwa. Hata hivyo mwaka ule chombo kiliweza kwenda kando na kinyumenyume kuliko kwenda mbele, kichekesho kikubwa kwa mtu aliyezoea ndege.

Baada yake wakaja marubani wengine wa ndege kujifunza, mmoja wao Les Morris. Mwezi wa Mei 1942 Morris aliipeleka helikopta ya jeshi kutoka Stratford mpaka Dayton, Ohio, maili 761, kwa siku 5, akitua mara nyingi njiani. Miongoni mwa waliompokea alikuwapo Orville Wright, mmoja wa ndugu wawili walioruka kwa ndege ya injini mwaka 1903. Na mwezi wa Aprili 1944, katika msitu wa Burma, Luteni Carter Harman aliitumia helikopta kama hiyo kumwokoa rubani wa ndege iliyoanguka pamoja na askari watatu wa Kiingereza, akiwachukua mmoja mmoja, kwa kuwa chombo hakikuweza zaidi. Sisi tunaojua msitu ni nini, na njia ya Kabambare ni nini wakati wa masika, twaweza kupima thamani ya kazi ile.

Sasa narudi kwa lile neno la kifo.

Karibu na mwisho wa somo walipanda juu, kama meta 300. Huko mwendo ni wa mbele, na helikopta hufanana na ndege kwa kiasi fulani, hata rubani wetu akajisikia nyumbani. Akawa anaiendesha vizuri. Mwalimu akanyamaza, akapunguza nguvu ya injini kidogo kidogo bila kusema. Mapanga yakapungua kasi. Honi ikalia.

Mkono wa kulia ukasukuma fimbo mbele.

Hakuuamuru. Ulikwenda wenyewe, kama ulivyofundishwa miaka yote katika ndege. Lakini haukufika mbali, kwa sababu mkono wa mwalimu ulikuwa pale unaungoja. Katika helikopta ya namna ile honi haina maana ya mwendo mdogo wa chombo. Maana yake mapanga yanapoteza kasi, na kama hayakusaidiwa ndani ya sekunde moja au mbili, hayatarudi tena. Kusukuma fimbo mbele ghafula hukifanya chombo kiwe chepesi kama mtu arukaye tuta, mapanga hayana mzigo tena, na yaweza kuinama vibaya hata yakapiga mhimili wake au mwili wa helikopta. Liwapasalo marubani ni kushusha wenzo, kuongeza mafuta, na kuvuta fimbo nyuma polepole. Kampuni ya Robinson yenyewe imewaandikia marubani onyo juu ya jambo hili: marubani hodari wa ndege wamekufa katika helikopta, kwa maana huiendesha vema wakiwa na nafasi ya kufikiri, lakini la ghafula likitokea, mikono yao hurudia ndege.

“Yaani mtu mgeni kabisa angekuwa na heri kuliko wewe?” nikauliza.

“Kwa sekunde ile moja, ndiyo.”

Walitua bila maneno. Alirudi kesho yake, na siku nyingi baadaye. Akajifunza hata kuzima nguvu za injini kwa makusudi na kushuka: wenzo chini mara moja, na hewa inayopanda kutoka chini huyazungusha mapanga, kama zile mbegu zenye bawa za miti mikubwa ya msituni zinavyoanguka zikizunguka pasipo kuumia. Karibu na ardhi huinua pua, kisha huvuta wenzo mara moja tu, kwa maana nguvu iliyobaki katika mapanga ni ya mara moja.

Abiria wake wakaja. Nilimsindikiza mpaka kando ya uwanja, nikiwazuia watoto nyuma ya kamba. Niliona kwamba kabla ya kuwasha aliushika wenzo kwa mkono wa kushoto, akaupandisha na kuushusha mara tatu, midomo ikitembea kidogo. Kisha mapanga yakaanza kuzunguka, nasi tukageuza nyuso kwa ajili ya vumbi.

Mbuzi mmoja hakuonekana mpaka jioni. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa la sita, nikamwita yule kijana, nikamwambia kwamba jibu nililompa jana halikuwa kweli. Akauliza kwa nini. Hesabu tulizifanya siku ya tatu.