Kwa nini Roger Milla hasahauliki

WAPO wanasoka wa Afrika waliotwaa mataji makubwa kuliko Roger Milla, lakini ni wachache ambao majina yao hutajwa kila zinapokaribia fainali za Kombe la Dunia kama linavyotajwa la Mkamerun huyo.

La kushangaza ni kwamba umaarufu huo haukutokana na miaka yake ya ujana. Milla, aliyezaliwa Yaounde mwaka 1952, alikuwa Mchezaji Bora wa Afrika mwaka 1976 akiichezea Tonnerre ya mji huo. Kisha alihamia Ufaransa, akapita Valenciennes, Monaco, Bastia, Saint-Etienne na Montpellier. Akiwa Bastia alifunga katika fainali ya Kombe la Ufaransa mwaka 1981, na nchi yake ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1984 na 1988 akiwamo kikosini.

Mwaka 1990 alikuwa na miaka 38, ameshaiaga timu ya taifa na anamalizia soka lake katika kisiwa cha Reunion. Rais Paul Biya ndiye aliyeingilia kati ili arejeshwe.

Nchini Italia alitumiwa kama mchezaji wa akiba, na hapo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndipo ilipokuwa siri yote: aliingia wakati mabeki wamekwisha kuchoka.

Dhidi ya Romania alitokea benchi akafunga mabao mawili, Kamerun ikashinda 2-1. Katika hatua ya 16 Bora aliifunga Colombia mengine mawili katika muda wa nyongeza, la pili baada ya kumpokonya mpira kipa Rene Higuita, aliyekuwa ameliacha lango lake mbali. Alipofunga alikimbilia kibendera cha kona na kukata kiuno. Miaka 20 baadaye, kampuni ya Coca-Cola iliitumia ngoma hiyo katika matangazo yake ya Kombe la Dunia.

Katika robo fainali, ya kwanza kwa timu ya Afrika, Milla aliangushwa ikapatikana penalti, kisha akatoa pasi ya bao la pili. Simba Wasiofugika waliongoza 2-1 hadi zikisalia dakika saba, ndipo England ikasawazisha na kushinda 3-2 katika muda wa nyongeza.

Afrika, iliyokuwa na nafasi mbili tu katika fainali hizo, ilipewa tatu mwaka 1994. Ni vigumu kuitenganisha nyongeza hiyo na safari ya Kamerun, na ndiyo maana mashabiki wa mataifa mengine ya bara hili humhesabu Milla kuwa wao pia. Mwaka 2007 Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilimtangaza mchezaji bora wa Afrika wa miaka 50 iliyotangulia.

Alirudi tena mwaka 1994 nchini Marekani. Urusi iliichapa Kamerun 6-1, matano yakiwa ya Oleg Salenko, lakini bao pekee la Kamerun lilikuwa la Milla, akiwa na umri wa miaka 42 na siku 39. Kipa wa Misri, Essam El-Hadary, alikuja kucheza fainali hizo mwaka 2018 akiwa na miaka 45. Mfungaji mwenye umri mkubwa zaidi alibaki kuwa Milla.