Kanuni Zinazozaa Hadithi: Michezo ya Uhusika ya Watunzi Huru

Mchezo wa uhusika ni mchezo wa mezani ambamo watu wachache, kwa kawaida kati ya watatu na sita, hukaa pamoja kwa saa kadhaa na kutunga hadithi kwa mdomo, kila mmoja akisema na kuamua kwa niaba ya mhusika wake, huku kanuni zilizoandikwa kitabuni, pamoja na dadu, karata au kifaa kingine cha bahati, zikiamua mambo ambayo wachezaji hawapaswi kujiamulia wenyewe. Mara nyingi hakuna ubao wala mshindi, na kinachobaki mchezo unapokwisha ni hadithi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua kabla ya kuketi. Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kumtenga fanani, yaani msanii anayesimulia, na hadhira inayomsikiliza na kumwitikia. Katika mchezo wa uhusika kila aliyeketi mezani ni fanani na hadhira kwa wakati mmoja, na ugumu wa kutunga michezo hii uko hapo hapo, kwa sababu watu watano wenye haki ya kusimulia wanahitaji utaratibu wa kujua neno la nani litashika, na wakati gani.

Nasaba ya michezo hii ni ya kivita. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, pamoja na Dave Arneson wa Minnesota, wote wawili wakiwa wapenzi wa michezo ya kuigiza vita kwa vinyago vya askari, na toleo lake la kwanza lilikuwa na nakala 1,000 tu. Kwa kuwa ulizaliwa katika vita, kanuni zake nyingi zilihusu mapigano, na pointi za kumkuza mhusika zilipatikana kwa kuua madubwana na kukusanya hazina, kwa hiyo wachezaji, bila kuagizwa na mtu, walijikuta wakiwa wavamizi wa mapango. Mchezaji mmoja, ambaye katika makala haya ataitwa kiongozi wa mchezo, alishika karibu ulimwengu wote wa hadithi: yeye ndiye aliyesema njia inaelekea wapi, adui anafikiri nini na hila ya mchezaji imefaulu au la. Utaratibu huo ulienea duniani na bado ndio unaotawala soko.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 ilikuwa imeenea imani kwamba kanuni hazina uzito mkubwa, kwa maana kiongozi hodari aweza kuufanya mchezo wowote upendeze. Ron Edwards, mwanabiolojia na mtunzi wa mchezo uitwao Sorcerer, aliipinga imani hiyo waziwazi, akidai kwamba kanuni ndizo zinazoelekeza watu watende nini mezani na kwamba mtunzi asiyelijua hilo hutunga mchezo unaowavutia wachezaji wake pande tofauti. Akiwa na wenzake alianzisha uwanja wa majadiliano uitwao The Forge, uliodumu hadi mwaka 2012, ambako watunzi walisomana kazi, wakaeleza kwa kina jinsi vikao vyao vilivyokwenda, na wakashikilia kwamba mtunzi huru ni yule anayemiliki kazi yake na kuamua mwenyewe itachapishwaje. Edwards aliyagawa malengo ya wachezaji katika mafungu matatu: kushindana na kushinda vikwazo, kukabili swali zito la kimaadili kwa njia ya hadithi, na kuuishi ulimwengu wa kubuni kwa uaminifu. Mgawanyo huo ulikosolewa sana, na kwa haki, kwa kuwa watu halisi hawakai ndani ya fungu moja. Hata hivyo ulifanya kazi kubwa, kwani uliwapa watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakirudi nyumbani bila kuridhika lugha ya kueleza walichokuwa wakikitafuta.

Wazo lililozaa matunda mengi zaidi kutoka mjadala huo ni la Vincent Baker, aliyesema kwamba mfumo wa mchezo ni njia yoyote ile ambayo kundi huitumia kukubaliana juu ya kile kilichotokea ndani ya hadithi. Mchezaji akisema kwamba mlango umefunguka, mlango huo haujafunguka mpaka meza ikubali, ama kwa kunyamaza, ama kwa kutupa dadu, ama kwa kauli ya mwenye mamlaka. Ukilitazama hivyo, mazungumzo ndiyo mchezo wenyewe, na kanuni ni maafikiano yanayoyaongoza mazungumzo hayo.

Baker na mkewe, Meguey Baker, walilitekeleza wazo hilo kikamilifu katika Apocalypse World, mchezo wa mwaka 2010 unaohusu watu wanaong'ang'ania kuishi baada ya ustaarabu kuanguka. Mhusika anapofanya jambo lenye hatari, mchezaji hutupa dadu mbili na kuongeza tarakimu ndogo inayoonyesha uwezo wa mhusika huyo. Jumla ikiwa 10 au zaidi, jambo limefaulu. Ikiwa 6 au chini, kiongozi anapata nafasi ya kuleta balaa. Lakini ikiwa kati ya 7 na 9, mhusika anafaulu kwa gharama, kwa mfano anavuka daraja linalolindwa na watu wenye bunduki, ila lazima aache nyuma ama maji aliyoyabeba ama mwenzake aliyejeruhiwa. Hesabu yenyewe imepangwa kwa makini. Dadu mbili zina miangukio 36, na kwa mhusika asiye na nyongeza, miangukio 15 huleta balaa, 15 huleta ushindi wenye gharama, na 6 tu huleta ushindi kamili. Akiwa na nyongeza ya 2, balaa hubaki na miangukio 6 na ushindi kamili hupanda hadi 15, lakini ile 15 ya katikati haitikisiki. Hata hodari, basi, analipa, na hadithi haikosi la kuiendesha mbele. Jambo la pili, ambalo huenda ni kubwa zaidi, ni kwamba kitabu kinamfunga kiongozi pia: kimemwekea malengo, misingi na orodha ya hatua anazoruhusiwa kuchukua, na kwa kawaida yeye hatupi dadu. Mamlaka yaliyokuwa hayana mipaka yakawa na katiba. Michezo mingi imejengwa juu ya msingi huo, ukiwemo Monsterhearts wa Avery Alder, uliotoka mwaka 2012 na unaohusu vijana wa sekondari walio nusu watu nusu mazimwi.

Wengine walimwondoa kiongozi kabisa. Katika Fiasco, uliotungwa na Jason Morningstar mwaka 2009, wachezaji huigiza watu wenye tamaa kubwa na busara ndogo ambao mipango yao huishia kuporomoka, mtindo uliochotwa kutoka filamu za ndugu Coen. Zamu inapomfikia, mchezaji huchagua kimoja kati ya viwili: kuweka tukio mwenyewe, yaani mahali, watu na jambo linalogombaniwa, kisha wenzake waamue litaishia vizuri au vibaya, au kuwaachia wenzake waliweke, kisha yeye aamue mwisho wake. Hapigi kotekote. Kanuni hiyo inakubaliana na fundisho la Paul Czege, mtunzi wa My Life with Master wa mwaka 2003, kwamba mchezo hupoteza ladha pale mtu mmoja anapoleta taabu ya mhusika wake na kuitatua yeye mwenyewe.

Kazi inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi ni The Quiet Year, pia ya Avery Alder, iliyotoka mwaka 2013. Hapa hakuna hata wahusika binafsi. Watu wawili hadi wanne huchora ramani ya jamii iliyonusurika vita na iliyobakiwa na mwaka mmoja wa utulivu ili ijijenge upya, na kila mmoja husemea mawazo na mivutano ya jamii hiyo. Karata 52 ni majuma ya mwaka, kopa zikiwa masika, uru kiangazi, pau vuli na shupaza majira ya baridi, kwa mpangilio wa nchi za kaskazini, na mchezo hukoma ghafla mfalme wa shupaza anapofunuliwa, iwe kazi za jamii zimekamilika au zimebaki nusu. Kila juma mchezaji huanzisha kazi, hugundua jambo jipya au huitisha mjadala, na mjadala una sheria kali: kila mtu husema mara moja, sentensi moja au mbili, bila kujibizana na bila kufikia uamuzi. Anayehisi kwamba jamii imepuuza sauti yake huchukua kipande cha kuonyesha dharau aliyoonjeshwa na kukiweka mbele yake, mahali ambapo wote wanakiona. Kwa njia hizo chache, bila hotuba yoyote, wachezaji huonja namna watu wenye nia njema wanavyoshindwa kusikilizana, na namna mradi wa kisima au ghala unavyoweza kuacha kinyongo kinachoishi kuliko mradi wenyewe. Ni vitabu vichache vya siasa ya jamii ndogo vinavyolifundisha somo hilo kwa nguvu kiasi hicho.

Kifaa cha bahati nacho hubeba maana. Dread, mchezo wa kutisha wa mwaka 2005, hautumii dadu bali mnara wa vijiti vya mbao ujulikanao kama Jenga, ule ambao Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, aliutambulisha London mwaka 1983 kwa jina la Kiswahili: kila jambo la hatari humlazimu mchezaji kuchomoa kijiti, na mnara ukianguka mikononi mwake, mhusika wake ametoka katika hadithi, mara nyingi kwa kifo. Hofu ya mhusika huhamia katika vidole vya mchezaji. Dialect, wa mwaka 2018, huwataka wachezaji waunde maneno ya jamii iliyojitenga na kisha waitazame lugha hiyo ikifa.

Mada nzito kama hizi, pamoja na zile za Steal Away Jordan wa Julia Bond Ellingboe, uliotoka mwaka 2007 na unaohusu maisha ya watu waliofanywa watumwa Marekani, haziwezi kuchezwa bila uangalifu, kwa sababu asiyejua mwenzake amepitia nini aweza kumgusa kidonda. Ndiyo maana imekuwa desturi kufanya kikao cha awali, ambacho kazi yake ni kukubaliana kuhusu aina ya hadithi, mambo yasiyotajwa kabisa na yale yatakayopitiwa kwa mbali tu. Na makundi mengi huweka mezani kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, ambayo yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa huondolewa bila yeye kudaiwa sababu. Baada ya mchezo hufuata mazungumzo mengine, ambapo kila mmoja hutaja lililomfurahisha na analolitamani kwa kikao kijacho. Wapo wanaoyaona hayo kuwa urasimu unaoua raha. Uzoefu wa makundi yanayodumu unaonyesha kinyume, kwa kuwa watu huthubutu kwenda mbali zaidi wanapojua kwamba wanaweza kusimama.

Uhuru wa watunzi hawa umetegemea gharama ndogo. Kuanzia mwaka 2009 mtandao wa Kickstarter uliwawezesha kukusanya fedha za uchapishaji moja kwa moja kutoka kwa wasomaji, na tangu mwaka 2013 mtandao wa itch.io umewawezesha kuuza hata kazi ya ukurasa mmoja. Lasers & Feelings wa John Harper, wa mwaka huohuo, ni ukurasa mmoja kweli: kila mchezaji huchagua namba kati ya 2 na 5, hutupa dadu akitafuta tarakimu iliyo chini ya namba hiyo anapotumia akili na mitambo, na iliyo juu yake anapotumia hisia na maneno, na hiyo yatosha kuendesha jioni nzima ya safari za anga.

Sheria ya hakimiliki nayo imesaidia. Mwezi Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki Dungeons & Dragons, ilikusudia kubana leseni ambayo kwa zaidi ya miaka 20 iliwaruhusu wengine kutumia kanuni zake, na baada ya malalamiko makubwa iliziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons. Watunzi huru walikuwa wametangulia: maandishi ya Dungeon World, mchezo wa mwaka 2012 uliozaliwa na Apocalypse World, yako chini ya leseni kama hiyo, na vivyo hivyo kanuni za msingi za Blades in the Dark, mchezo mwingine wa Harper. Leseni hizo zinamruhusu mtu yeyote kutafsiri, kubadili na hata kuuza atakachokitoa, kwa masharti mepesi ambayo kubwa lake ni kuwataja watunzi wa asili. Walimu wa fasihi, vyama vya Kiswahili vyuoni na vikundi vya vijana vyenye hamu ya kutunga wanayo ruhusa tayari. Wazichukue kanuni hizo, wazitafsiri, wazicheze, kisha watunge zao.