Laini mbili, redio moja: ijue simu yako kabla ya kulaumu mtandao

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI katika machinjio ya Vingunguti, wilayani Ilala, simu ndiyo mzani wa pili. Dalali humpigia mwenye ng'ombe aliyeko mnadani Pugu, mwenye bucha wa Temeke au Kinondoni huuliza bei ya kilo, na malipo hupita kwenye simu hiyo hiyo kabla nyama haijapakiwa. Wengi wana simu moja yenye laini mbili, moja ya maongezi na nyingine ya fedha. Na malalamiko ni yale yale: mteja anasema "ulikuwa hupatikani", ilhali simu ilikuwa mkononi na imewashwa.

Mara nyingi kosa si la mnara. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo zina nafasi mbili za laini, lakini redio ya kupokea na kurusha mawimbi ni moja tu. Laini zote mbili huitumia kwa zamu.

Zamu hiyo inawezekana kwa sababu mnara hauiti simu ovyo. Kila laini ina wakati wake wa kuitwa. Katika mitandao ya 4G wakati huo hujirudia kila baada ya sekunde 0.32 hadi 2.56, kufuatana na mpangilio wa kampuni. Simu huamka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, husikiliza kama laini ya kwanza inaitwa, huhamia masafa ya kampuni ya pili na kusikiliza, kisha hulala ili kuokoa betri. Ni kama muuza duka mmoja mwenye madirisha mawili. Wateja wakiwa hawajafika, huchungulia huku na huku na hakuna ajuaye kuwa yuko peke yake. Shida huanza apatapo mteja wa maongezi marefu.

Redio ikishashikwa na mazungumzo ya laini ya kwanza, laini ya pili haisikii. Anayeipigia huambiwa hupatikani, na menyu ya fedha ya laini hiyo hukwama. Vivyo hivyo, ukiwa unatuma picha za mzigo kwa laini moja na simu ikaingia kwenye nyingine, intaneti husimama hadi umalize kuongea.

Hapo ndipo fedha hupotea. Mnunuzi ametuma malipo, muuzaji yuko kwenye simu na laini yake nyingine, ujumbe wa uthibitisho hauonekani. Mnunuzi anahamaki na kutuma tena. Kumbe ujumbe wa kwanza haukupotea, umehifadhiwa kwenye mtambo wa kampuni ukisubiri laini ipatikane. Simu ikikatwa, unaingia. Kurudisha fedha iliyotumwa mara mbili ni kazi nyingine kabisa.

Kwa nini basi isiwekwe redio ya pili? Simu za namna hiyo zipo, lakini vipuri vya ziada huongeza bei na matumizi ya betri. Soko la Afrika liliamua mapema. Tecno na itel, za kampuni ya Transsion ya China, zilijijenga kwa simu nafuu za laini zaidi ya moja. Nokia C1-00 iliyotangazwa 2010 haikuweza hata kupokezana: mtumiaji alibonyeza kitufe kuchagua laini ya kuwa hewani. Na mahitaji ni makubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, ilhali takwimu za TCRA zilionyesha laini zaidi ya milioni 80 kufikia mwisho wa 2024.

Wataalamu nao hawajalala. Viwango vya kimataifa vya simu vya 2022, toleo la 17, viliweka utaratibu wa simu kuiarifu kampuni moja kwamba inaondoka kidogo kwenda kwa nyingine. Wi-Fi 7, ambayo vifaa vyake vilianza kuthibitishwa Januari 2024, ina njia inayofanana: kifaa chenye redio moja kamili husikiliza masafa mawili kwa nguvu ndogo, kisha huhamishia nguvu zote pale kinapoitwa.

Kwa mfanyabiashara, hatua ni nne. Kwanza, kabla ya kulipia simu dukani, piga simu kwa laini ya kwanza, na mwenzako aipigie ya pili. Isipoita, redio hufanya kazi kwa zamu. Pili, elekeza simu za laini ya pili ziingie ya kwanza pindi isipopatikana, na uwashe huduma ya simu ya pili kusubiri. Uliza gharama kwanza, kwani simu iliyoelekezwa huweza kukatwa kwenye salio lako. Tatu, uthibitisho ukichelewa, kata maongezi na utazame salio kabla ya kudai utumiwe tena. Nne, kama laini ya fedha ndiyo roho ya biashara, iweke kwenye kisimu chake kidogo cha vitufe. Kisimu hicho ndicho redio ya pili, na mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote sokoni.