Nyama ya tanki na nyama yetu: mnunuzi anauliza nini?



Labda mumesikia kwamba kuna nyama inayotengenezwa ndani ya laboratwari. Ni kweli. Wanatoa chembe ndogo sana kwa ng'ombe ao kuku, wanazitia ndani ya tanki safi lenye joto, wanazilisha sukari na vyakula vingine, zinaongezeka mpaka zinakuwa nyama.

Mwezi wa 8, mwaka 2013, kipande cha nyama ya ng'ombe ya namna hii kililiwa mbele ya watu kule London. Kilikuwa kimegharimu karibu euro 250,000. Singapore iliruhusu kuuza nyama ya kuku ya tanki mwaka 2020, Marekani mwaka 2023. Lakini mwaka huohuo Italia iliikataza, na wakulima wake ndio walikuwa mbele kuomba ile sheria.

Na sisi, Kasongo na Kabambare? Mama sokoni atauliza: hii imetoka wapi? Imechinjwa na nani? Muislamu atauliza kama ni halali. Kule Singapore, baraza la Waislamu lilijibu mwaka 2024: inaweza kuwa halali kama chembe zimetoka kwa mnyama wa halali na hazikuchanganywa na kitu cha haramu.

Je, itatunyanganya soko? Si kesho. Inaomba umeme usiokatika, mafundi, na friji mpaka kwa mnunuzi. Mwenye kujua barabara zetu wakati wa mvua anaelewa.

Lakini tujiulize sisi wenyewe. Mbuzi akianguka na ugonjwa, wengine wanamchinja haraka na kumpeleka sokoni. Mnunuzi hajui. Basi tuko na tofauti gani na ile nyama tunayoogopa? Mtu anakula bila wasiwasi pale anapojua mnyama alitoka wapi. Hiyo ndiyo nguvu yetu, tusiipoteze.

Ya kufanya ndani ya koperative:

- Tuite veterineri aangalie mnyama mbele ya kuchinja na nyama kisha kuchinja.
- Tuchanje kuku juu ya Newcastle na mbuzi juu ya pesti ya mbuzi (PPR), mbele ugonjwa haujaingia.
- Mnyama aliyekufa mwenyewe asiuzwe, azikwe.
- Nyama ikae juu ya meza safi, ifunikwe, nzi zisiguse.
- Tuandike ndani ya daftari: mnyama wa nani, kijiji gani, siku gani.

Mnunuzi akiuliza, tuwe na jibu.